Ufeministi Usiomjua Mama

Kuna namna moja ya kusimulia maisha ya binti wa Kilatino huko Marekani anayegundua kwamba anapenda wanawake wenzake, na namna hiyo imezoeleka mno. Binti anazaliwa katika nyumba ya Kikatoliki yenye baba mkali na mama mnyamavu. Anakua akijificha. Anapata nafasi ya chuo mbali na kwao, na huko anakutana na vitabu vya ufeministi pamoja na wanawake waliosoma, wengi wao Wazungu. Macho yanamfunguka, anakuwa huru. Katika simulizi hiyo nyumbani ni giza, ufeministi ni taa, na mama ni mtu wa kuachwa nyuma. Lakini ukiwasoma wanawake walioyaishi maisha hayo na kuyaandika kwa mkono wao, unakuta habari nyingine kabisa. Kwao, kukiri kwamba wanapenda wanawake hakukuwatenga na mama zao. Ndiko kulikowafanya wamwone mama kwa mara ya kwanza. Na ufeministi walioukuta huko nje uliwavunja moyo hasa pale ulipokosa nafasi ya kumweka mama huyo. Hoja yangu ni hiyo tu: safari ya binti huyu inapimwa kwa mama, na ufeministi wowote anaokutana nao njiani unapimwa kwa kipimo hichohicho.

Kabla ya kuendelea, niseme neno kuhusu maneno. Kihispania humgawa kila mtu: mwanamume ni Latino, mwanamke ni Latina, na vijana wasiotaka kugawanywa wamebuni Latinx, jina ambalo utafiti wa kituo cha Pew wa mwaka 2020 ulikuta linatumiwa na watu wazima 3 tu katika kila 100 wa jamii hiyo. Kiswahili hakina mgogoro huo. Kwetu yeye ni yeye. Mgogoro wetu uko pengine. Majina mengi tuliyonayo ya watu wanaopenda watu wa jinsia yao ni matusi, na hata shoga, ambalo wanawake wa pwani wameitana kwa mapenzi ya urafiki vizazi na vizazi, mitaani limegeuzwa jiwe la kumrushia mwanamume. Kwa hiyo nitasema "anayependa wanawake wenzake". Ni maneno mengi, lakini hayamtukani mtu.

Tuanzie ukumbini. Binti wa familia ya Kimeksiko, na wa familia nyingi nyingine za Kilatino, anapofikisha miaka 15 hufanyiwa sherehe iitwayo quinceañera. Asubuhi kuna misa ya shukrani. Baadaye, mbele ya ukoo mzima, binti huketishwa kitini akiwa na gauni pana, baba huinama, humvua viatu vya chini na kumvisha vya kisigino kirefu, kisha humwinua wakacheza waltz. Msomaji aliyekulia pwani au kusini mwa Tanzania atakumbuka unyago, ingawa unyagoni somo hutolewa faraghani na kungwi. Hapa utu uzima wa binti hutangazwa hadharani, akiwa anatoka mkononi mwa baba na kuandaliwa mkono wa mwanamume mwingine. Baba ndiye anayevisha viatu, lakini aliyechagua gauni, aliyehangaikia chakula, na aliyemfundisha binti namna ya kuketi miaka yote hiyo kwa kawaida ni mama. Mlinzi wa mpaka ni mwanamke. Ndiyo maana binti anayejua moyoni kwamba hatampokea mwanamume yeyote huona kwanza kwamba adui yake ni mama, na simulizi ile iliyozoeleka huishia hapo.

Cherríe Moraga hakuishia hapo. Alizaliwa mwaka 1952 huko California kwa mama wa asili ya Meksiko na baba Mzungu, naye akatoka mweupe. Katika insha yake ya mwaka 1979 iitwayo La Güera, yaani binti mweupe, anaeleza jinsi weupe huo ulivyokuwa pasi ya kusafiria: ulimpitisha shuleni na chuoni bila kuulizwa ni nani. Mama yake hakuwa na pasi hiyo. Alitolewa shule mara kadhaa akiwa mtoto mdogo ili akafanye kazi mashambani. Kwa miaka mingi Moraga aliyajua maisha hayo ya mama kama mtu anavyojua hadithi. Alipokuja kukiri kwamba anapenda wanawake, na akaonja kidogo dharau ya kuwa mtu asiyehesabiwa, ndipo hadithi ile ikageuka kitu kinachouma. Alielewa ukimya wa mama kwa kuwa sasa naye alikuwa na ukimya wake. Hapo ndipo ufeministi wake ulipozaliwa: yeye na mama wakiwa upande mmoja wa ukuta, kila mmoja kwa sababu yake.

Wala hakumpamba mama. Katika insha nyingine, iliyomo ndani ya kitabu chake cha mwaka 1983, anakumbuka alivyolazimishwa kumhudumia kaka yake na rafiki zake huku wao wameketi, na aliyemlazimisha alikuwa mama huyohuyo. Anaiunganisha kumbukumbu hiyo na jina la Malintzin, mwanamke mzawa aliyemtumikia Hernán Cortés kama mkalimani katika uvamizi wa Meksiko wa miaka ya 1519 hadi 1521, na ambaye kwa karne nyingi ameitwa msaliti wa taifa. Moraga anadai kwamba kivuli cha jina hilo humwangukia kila mwanamke wa jamii yake anayekataa kumtanguliza mwanamume. Anayependa wanawake huangukiwa mara mbili, maana huambiwa kwamba ameambukizwa maradhi ya Wazungu. Mama anampendelea mwana wa kiume kwa sababu yeye mwenyewe ameishi chini ya tishio hilo maisha yake yote. Kumwelewa hivyo si kumsamehe. Ni kujua mzigo umeanzia wapi.

Gloria Anzaldúa alifika palepale kwa njia ngumu zaidi. Alizaliwa mwaka 1942 katika bonde la Rio Grande, kusini mwa Texas, karibu na mpaka wa Meksiko, na alifanya kazi za shamba pamoja na familia yake. Shuleni alichapwa rula kwenye vifundo vya vidole kwa kunaswa akisema Kihispania wakati wa mapumziko. Mkenya anayekumbuka kibao alichovishwa mtoto aliyenaswa akizungumza lugha ya kwao hahitaji kufafanuliwa zaidi. Alipoingia chuoni, yeye na wenzake wa asili ya Meksiko walilazimishwa kuchukua masomo ya matamshi ili lafudhi yao ifutike. Anasema alikuwa wa kwanza katika vizazi sita kuhama bonde lile. Basi mtu wa namna hii angekuwa na kila sababu ya kukimbilia mikononi mwa ufeministi na kushukuru.

Alikimbilia kweli, na tunajua alichokikuta, kwa sababu yeye na Moraga walikiandika. Februari 1979 Anzaldúa alihudhuria kambi ya wanawake kaskazini mwa San Francisco, kwenye warsha ya mwandishi Merlin Stone. Stone alikuwa ameshikilia kwamba wanawake watatu wasio Wazungu walipiwe gharama. Akafika mmoja tu, Anzaldúa. Waendeshaji wa kambi na baadhi ya watumishi wakamfanya ajione kama jamaa maskini aliyealikwa kwa kuonewa huruma. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msemo huo husemwa kwa mgeni anayekaa sana, lakini una heshima ndani yake: anayepewa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumba. Anzaldúa hakupewa jembe. Alipewa kiti cha kukalia ili wengine waone kwamba kuna mtu wa rangi yake. Miezi miwili baadaye, yeye na Moraga walituma barua kuwaomba wanawake waandike, na mwaka 1981 kikatoka kitabu This Bridge Called My Back, mkusanyo wa maandishi ya wanawake Weusi, Walatino, Waasia na wazawa wa Marekani. Sehemu kubwa ya wazo ambalo leo linafundishwa vyuoni, kwamba rangi, tabaka, jinsia na mapenzi humkaba mtu kwa pamoja wala haviji kwa foleni, ilitiwa nguvu na kitabu hicho, pamoja na tamko lililotolewa mwaka 1977 na wanawake Weusi wa kundi la Combahee River.

Mtu asidhani kwamba mlango mwingine ulikuwa wazi. Vuguvugu la haki la Wamarekani wa asili ya Meksiko lilipokutanisha vijana huko Denver mwaka 1969, kikundi cha wanawake kilirudi mkutanoni na taarifa kwamba mwanamke wa jamii hiyo hataki kukombolewa. Mwaka 1971 mamia ya wanawake walikutana Houston kwa mkutano wao wa kwanza wa kitaifa, na karibu nusu yao wakatoka nje, baadhi yao wakishikilia kwamba masuala ya wanawake yasiwatenge na wanaume wao katika mapambano. Vijana wa Young Lords, chama cha Wapuerto Rico wa New York, walikuwa wameandika katika ilani yao kwamba ubabe wa kiume uwe wa kimapinduzi. Wanawake wa chama hawakukubali, na mwaka 1970 kipengele hicho kikabadilishwa kuwa cha kuupinga ubabe huo moja kwa moja. Kwa hiyo nyumba zote mbili, ya kabila na ya ufeministi, zilimtaka binti aache kitu mlangoni.

Lakini ni kitu gani hasa ambacho ufeministi wa wakati ule haukukiona? Jibu lililo wazi kuliko yote halimo katika fasihi, limo hospitalini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, katika hospitali ya kaunti ya Los Angeles, wanawake wa asili ya Meksiko walipelekewa fomu za kufunga kizazi wakiwa katikati ya uchungu, wengine wakisubiri kupasuliwa. Fomu zilikuwa za Kiingereza. Wengi wao walisema Kihispania tu. Baadhi hawakujua walichotia saini mpaka walipokwenda baadaye kutafuta dawa za kuzuia mimba, wakaambiwa hawazihitaji tena. Kumi kati yao walifungua kesi inayojulikana kama Madrigal dhidi ya Quilligan. Mwaka 1978 jaji aliamua kwamba madaktari hawakuwa na kosa, na kwamba tatizo lilikuwa la kutoelewana tu. Huko Puerto Rico, uchunguzi wa mwaka 1965 ulikuwa umekuta kwamba takriban theluthi moja ya akina mama wa umri wa miaka 20 hadi 49 walishafungwa kizazi.

Sasa tazama upande wa pili. Mwanamke Mzungu wa tabaka la kati aliyetaka kufunga kizazi wakati huohuo alikuwa akikataliwa. Mpaka karibu mwaka 1970 hospitali nyingi zilifuata kanuni ya 120: umri ukizidishwa kwa idadi ya watoto sharti ufikie 120, hivyo mwenye miaka 30 alihitaji watoto 4 kabla ya kusikilizwa. Kwake uhuru ulikuwa kuondolewa vizuizi. Kwa hiyo daktari wa Kipuerto Rico Helen Rodríguez-Trías na wenzake walipodai, katikati ya miaka ya 1970, kwamba mwanamke apewe siku 30 za kutafakari kabla ya kufungwa, baadhi ya mashirika makubwa ya kutetea haki za wanawake na uzazi yaliwapinga. Waliona ni kizuizi kingine. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamemweka mbele mwanamke mmoja wakadhani ni wanawake wote, na aliyekosekana katika hesabu yao alikuwa mama aliyelala kitandani na kalamu ya mtu mwingine mkononi. Binti wa mama huyo, akiusoma ufeministi wa "hiari yangu" chuoni, alikuwa akisoma maneno mazuri ambayo nyumbani kwao yalikuwa na jeraha. Na swali lake mwenyewe, kwamba mwili wake apewe nani, lilikuwa tumbo moja na swali la mama, kwamba mwili wake aliukatia shauri nani. Ndiyo sababu nasema kupenda wanawake wenzake hakukuwa jambo la pembeni katika fikra za akina Moraga. Kulikuwa ufunguo.

Riwaya ya Gabby Rivera, Juliet Takes a Breath, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2016, inaonyesha kwamba ufunguo huo bado unatumika. Juliet ni binti wa Kipuerto Rico kutoka Bronx. Anawatangazia wazazi kwamba anapenda wanawake wakiwa mezani wanakula, usiku wa mwisho kabla ya safari yake, kisha anapanda ndege kwenda Portland, jimbo la Oregon, kufanya kazi kwa mwandishi mfeministi wa Kizungu anayemhusudu. Mama halipokei neno hilo. Mwandishi yule anampokea kwa mikono miwili. Kisha, mbele ya umati wa wasomaji, anapoulizwa mahali pa wanawake wasio Wazungu katika kitabu chake, anamnyooshea kidole Juliet kama ushahidi, na kuwasimulia watu maisha ya mtaa wa ghasia ambayo si maisha aliyoishi binti huyo. Aliyedhani amepata mama mpya anagundua amegeuzwa kielelezo. Anatoka, anakwenda Miami kwa shangazi na binamu, watu wa damu yake, na huko anaukuta ufeministi unaomjua. Na polepole, kwa simu na kwa subira, yeye na mama wanarudi kuzungumza.

Mtu atasema riwaya si ushahidi, na kwamba mwandishi anaweza kumpatanisha mtu yeyote na mama yake. Ni kweli. Ninaitaja kwa sababu imepita njia ileile ya maisha yaliyoandikwa miaka 35 kabla yake, na mgogoro wa Portland hautofautiani sana na ule wa kambi ya mwaka 1979. Pingamizi zito zaidi ni jingine: kwamba ninaipamba nyumba. Wapo mabinti wanaofukuzwa, wanaopigwa, wanaofungiwa, na kwao habari ya kumrudia mama ni dhihaka. Pingamizi hili nalikubali kwa sehemu kubwa. Anzaldúa mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1987, Borderlands, anasema wazi kwamba utamaduni wake ulimsaliti. Katika kitabu hicho anasimulia kuhusu mwanafunzi aliyesikia neno la Kiingereza linalotaja chuki dhidi ya wapenzi wa jinsia moja, neno linaloanza kwa sauti kama "home", yaani nyumbani, akadhani maana yake ni hofu ya kurudi nyumbani. Anzaldúa aliona kosa hilo limesema kweli kuliko kamusi. Lakini angalia alichokifanya na hofu hiyo. Hakusema nyumbani hapana thamani. Alisema atachukua kilicho chake, ardhi, lugha, vyakula, bibi zake, na atakataa kilichomuumiza, hata kama kimepewa jina la mila. Kumrudia mama, kwa maana ninayoisema, si lazima kuingia mlangoni mwake. Ni kukataa fikra yoyote inayokutaka umdharau ili uwe huru.

Pingamizi la mwisho hutoka ndani ya ufeministi: kwamba kila kundi likidai mama yake ahesabiwe, vuguvugu litapasuka vipande. Historia haikubaliani na hofu hiyo. Kesi ya Madrigal ilishindwa mahakamani, lakini ilisaidia kuleta fomu za Kihispania, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 serikali ya Marekani ilikuwa imeweka sharti la siku 30 kwa wanaofungwa kizazi kwa fedha zake. Sharti hilo lilimlinda mama Mweusi wa Alabama na mama mzawa wa Oklahoma sawa na Mpuerto Rico wa Bronx. Madai ya wachache yalipanua kinga ya wengi. Kilichowahi kuupasua ufeministi ni kutohesabu. Ndicho kilichomfanya Sylvia Rivera, aliyezaliwa mwanamume na kuishi kama mwanamke, mtoto wa New York mwenye damu ya Puerto Rico na Venezuela, azomewe jukwaani mwaka 1973 katika maadhimisho ya vuguvugu la haki za wapenzi wa jinsia moja, ambalo yeye na wenzake wa mitaani walilitolea miili yao.

This Bridge Called My Back kimepitia mikono mingi kama maisha kinayoyasimulia. Shirika la kwanza lililokichapa lilifunga milango, na mwaka 1983 Kitchen Table, shirika la uchapishaji la wanawake Weusi na wenzao, likakichukua. Kimeadimika tena na kuchapwa tena, mwaka 2002 na mwaka 2015. Anzaldúa alifariki mwaka 2004 kwa matatizo ya kisukari akiwa bado anaandika tasnifu yake, na chuo chake kikamtunuku shahada ya uzamivu mwaka uliofuata. Yeye aliyekuwa wa kwanza katika vizazi sita kuhama bonde alizikwa Hargill, Texas, kijiji alichokulia.